TAHADHARI: Miche ya lilaki "inayochanua mwaka huu huu" kwenye magrupu ya WhatsApp

Ndugu zetu mlioko Maine, Minnesota, Ontario, Manitoba na popote theluji inapolala miezi minne: msimu wa kuagiza miche umefika na lile tangazo limerudi. Miche 10 ya lilaki (lilac, kichaka cha maua yenye harufu) kwa dola 25, usafiri bure, picha ya kichaka chenye maua ya bluu ya anga, mekundu na ya manjano kwenye tawi moja, na Kiswahili kilichonyooka: "Harufu ya asumini mlangoni kwako, baridi isikutishe." Malipo ni Zelle au Cash App tu. Jina la ukurasa hatulitaji maana linabadilishwa kila mara. Mtego ndio haubadiliki, na huo ndio tunaouanika hapa.

Elewa kwanza kwa nini wamechagua lilaki na si nyanya. Ukiuziwa mche feki wa nyanya utajua kabla kiangazi hakijaisha. Lilaki changa iliyotumwa bila udongo huchukua miaka mitatu au minne mpaka ichanue sawasawa, na hilo hata muuzaji mwaminifu atakuambia. Tapeli anajificha nyuma ya ukweli huohuo. Ukilalamika Julai anakujibu, "Vumilia dada, mwaka wa tatu utashangaa," na mtu anayeijua lilaki hana la kubisha. Kumbe kwa Marekani, sheria ya kupinga malipo ya kadi ya mkopo inakupa siku 60 tangu utumiwe taarifa ya kwanza yenye malipo hayo. Zelle haina hata hizo: pesa ukishaituma kwa mkono wako, kuirudisha ni kazi. Kwa hiyo ukaguzi wote ufanyike siku kifurushi kinapofika, kabla hujachimba shimo. Unawezekana, hata kama mche hauna jani hata moja.

Anza na picha ya tangazo. Wataalamu wa lilaki hugawa rangi zake katika makundi saba: nyeupe, urujuani, bluu hafifu, zambarau nyepesi, pinki, majenta na zambarau iliyoiva. Nyekundu ya damu haimo, wala ya chungwa. Hiyo "bluu" nayo ni ya kustahi tu. 'President Lincoln', inayosifiwa kwa ubluu wake, mchana wa jua utaiona ni zambarau iliyopauka kuelekea bluu. Ukitaka wekundu, kinachokaribia ni 'Charles Joly' ya Wafaransa ya mwaka 1896, yenye majenta nzito. Manjano ipo moja maarufu, 'Primrose', iliyotoka Uholanzi, ila matumba yake ndiyo yenye unjano; ua likifunguka ni rangi ya malai. Picha ikionyesha unjano wa limau, imepakwa. Na rangi tatu kwenye kichaka kimoja ni changa la macho, isipokuwa mtu amebebesha aina tatu kwa mkono (yaani ameunganisha vijiti vya aina tofauti juu ya shina moja, grafting), kazi ambayo haiuzwi dola mbili na nusu kwa mche. (Ua la zambarau lenye ukingo mweupe ni halali, hiyo ni 'Sensation'. Tena wakati mwingine hutoa tawi lenye maua ya zambarau tupu. Huo ni ukaidi wake wa asili, usimtukane muuzaji.)

Halafu dai jina la Kilatini. Lilaki yenye ile harufu nzito inayojaza uwanja ni Syringa vulgaris. Ni ya ukoo mmoja na asumini na mzeituni, ingawa harufu zao hazifanani. Neno "lilac" peke yake kwenye Kiingereza cha madukani ni gunia, na mbuzi aliyemo anaweza kuwa yeyote:

"Summer lilac" ni Buddleja. Majani yake ni marefu membamba, na upande wa chini yana weupe kama yamepakwa unga. Kwenye baridi ya Winnipeg haitoboi, na Oregon imewekwa kwenye orodha ya magugu hatari. "California lilac" ni Ceanothus, mtu wa pwani yenye joto. "Persian lilac" ndiyo yenye hila zaidi: ipo Syringa kweli inayoitwa hivyo, lakini jina hilohilo hubandikwa kwenye Melia azedarach, ndugu wa mwarobaini, ambaye matunda yake ni sumu na ambaye majira ya baridi ya Minnesota yatamuua mwaka wa kwanza. "Japanese tree lilac", Syringa reticulata, ni lilaki halisi na ngumu kwa baridi, ila huchanua Juni, maua meupe ya malai, na harufu yake wengi hawaipendi. Huo si utapeli, mradi umeambiwa.

Muuzaji asiyeweza kukuandikia jina la Kilatini pamoja na jina la aina, achana naye hapohapo. Muulize pia kanda ya baridi (zone, namba inayoonyesha ukali wa baridi ya eneo; namba ikiwa ndogo, baridi ni kali zaidi). Syringa vulgaris inavumilia kanda 3, yaani hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na haipendi kwenda juu ya kanda 7. Anayekuambia "inaota kanda zote, 1 hadi 11" anakutangazia mwenyewe kwamba hajui anachouza.

Sasa kifurushi kimefika. Fungua mezani, penye mwanga, na piga picha kabla hujagusa: boksi, lebo ya posta, miche yote ikiwa pamoja, halafu mmojammoja. Mche uliotumwa bila udongo huwa mkavu juu, rangi ya kijiti, na hilo ni sawa kwa sababu umelala. Kisogeze kijiti uone vizuri macho yake, yaani vile vitumba vidogo vinavyochipua majani na maua. Kwenye lilaki macho hayo yamekaa wawiliwawili, moja likiitazama lingine ng'ambo ya kijiti. Ukikuta yanapishana, moja huku, lingine juu kidogo upande wa pili, basi hiyo si lilaki na hakuna haja ya kuendelea. Yakiwa wawiliwawili bado hujamaliza, maana mepo (maple) na miti mingine iko hivyo pia. Tazama ncha. Vulgaris kwa kawaida haina jicho moja la katikati kileleni. Inaishia na mawili manene yaliyobanana bega kwa bega, ya kijani au yenye wekundu wa zambarau, kama kwato ndogo ya mbuzi. Ukishaiona mara moja hutaisahau. Ila hakikisha ncha haijakatwa. Miche ya magendo hukatwa vichwa makusudi, na mwenyewe atakuambia "tumeipogolea ili ichipue vizuri".

Kisha kwaruza gamba kwa ukucha, mahali padogo, karibu na chini. Kijani chenye majimaji maana yake mche uko hai. Kahawia kavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena. Kahawia hadi kwenye mzizi, umenunua kuni. Mizizi nayo ivunje kidogo: inatakiwa kuwa migumu, myeupe ndani. Ikiwa laini, inanuka, na gamba lake linavuka ukiivuta kwa vidole, imeoza njiani au ilioza kabla ya kutumwa.

Tazama pia kama kuna kovu au kifundo kilichovimba karibu na shingo ya mche. Huo ni mche wa kubebesha. Kubebesha si dhambi, lakini muulize umebebeshwa juu ya nini. Zamani wengi walitumia ligustro (privet), ule mmea wa kupanda kama uzio, kwa kuwa ni rahisi. Shina la ligustro na lilaki huweza kugombana baada ya miaka: majani yanageuka manjano na kichaka kinadumaa, ukidhani ni udongo. Na machipukizi yatakayotoka chini ya kifundo yatakuwa ligustro, si lilaki. Utayajua kwa majani madogo ya umbo la yai, wakati jani la lilaki lina umbo la moyo. Ukiweza kuchagua, nunua mche uliosimama kwenye mizizi yake mwenyewe.

Wapo wengine ambao hawatumi posta. Wanachimba machipukizi kwenye mashamba yaliyoachwa, na New England yamejaa vichaka vya lilaki vilivyobaki mahali palipokuwa na nyumba, kisha wanakuuzia kwenye kopo kwa jina la 'Madame Lemoine'. Mche wenyewe ni hai, ni lilaki kweli, na baridi inaijua. Ila utachanua zambarau ya kawaida, wakati Madame Lemoine ni nyeupe yenye petali nyingi. Kama umeuziwa kwa bei ya chipukizi, chukua, ni mmea mzuri. Kama umelipa bei ya jina, umelizwa.

Mbegu tutazipitia haraka: usinunue. Mbegu ya lilaki inahitaji mwezi mmoja hadi mitatu ya baridi yenye unyevu ndipo iote, inachukua miaka kadhaa kufikia ua, na haizai sawa na mama yake. Kwa hiyo "mbegu 50 za Sensation" ni sentensi isiyo na maana. Na pakiti kutoka nje isiyo na cheti cha afya ya mimea inaweza kuzuiwa mpakani. Mwaka 2020 Wamarekani wengi walipokea mbegu wasizoagiza zenye stempu za China, na wizara ya kilimo ikawaambia wasizipande. Msimtumie mtu Njombe wala Limuru mbegu hizo pia: baridi ya kule haina majira marefu ya baridi ambayo lilaki huyahitaji ili kuweka maua.

Utapeli wa pili hauko kwenye simu, unagonga mlango. Ni yule fundi wa bustani anayepita Oktoba au Machi akiona kichaka chako kimechakaa: "Nikupogolee kwa dola 80, kitajaa maua." Lilaki hutengeneza matumba ya mwaka ujao mara baada ya kumaliza kuchanua, kwenye vijiti vya zamani. Yale macho manene aliyoyakata Machi ndiyo maua yako ya Mei, ameyatia kwenye mfuko wa takataka na umemlipa. Kupogolea hufanyika ndani ya wiki mbili au tatu baada ya maua kunyauka: ondoa theluthi moja ya mashina makuukuu hadi chini, mwaka unaofuata theluthi nyingine. Fundi anayejua atakuambia mwenyewe, "Nitarudi Juni."

Huyo huyo huuza "dawa ya kuchanulisha". Mara nyingi ni mbolea tu, na ikiwa na naitrojeni nyingi itakupa majani ya kupendeza na maua sifuri. Kabla ya kununua chochote, hesabu saa za jua (chini ya sita kwa siku, hamisha), angalia kama mbolea ya nyasi za uwanja haifiki kwenye mizizi, na pima udongo. Lilaki inataka pH (kipimo cha utindikali) ya karibu 6.5 hadi 7. Udongo wa Maine mara nyingi ni wa tindikali, lakini usimwage chokaa kwa kubahatisha. University of Maine na University of Minnesota zote zina maabara zinazopokea sampuli za wakazi. Ule unga mweupe kwenye majani mwezi Agosti ni ubwiri unga. Unachukiza macho, hauui kichaka, na hauhitaji pampu ya dola 60.

Mche ukifaulu ukaguzi: loweka mizizi saa 2 hadi 4, shimo liwe pana mara mbili ya mizizi na lisiwe refu kuliko urefu wake, mita 2 au zaidi kutoka ukutani, matandazo sentimita 5 hadi 8 yasiyogusa shina, na maji kila wiki mwaka wa kwanza. Pasipotuama maji, tafadhali. Lilaki husamehe theluji, haisamehi tope.

Ukikuta umepigwa, siku hiyohiyo mwandikie muuzaji ukiambatanisha picha na udai pesa yako, kisha piga picha ya skrini ya tangazo na mazungumzo kabla hajakublock. Ulilipa kwa kadi ya mkopo, peleka kwenye benki pingamizi la maandishi ukisema bidhaa si iliyoelezwa, na taja sababu moja inayoonekana: "macho ya miche yanapishana, lilaki macho yake ni wawiliwawili". Mfanyakazi wa benki hajui mimea, lakini picha yenye mshale anaielewa. Kwa Marekani ripoti pia kwa FTC (tume ya serikali kuu ya biashara) na kwa idara ya kilimo ya jimbo lako, kwa sababu anayeuza miche anatakiwa kufuata masharti ya leseni na ukaguzi ya jimbo. Wauzaji wa magrupu mara nyingi hawana leseni hiyo. Kwa mnunuzi ajaye, omba namba ya leseni hiyo kabla ya kuomba bei. Aliye nayo huituma kwa dakika moja.

Miche iliyokufa isitupwe kabla kesi haijaisha. Ifunge kwenye gazeti, iweke garaji, na lebo yake ikiwa bado imening'inia.