Miaka miwili katika shule moja ya msingi ya Moshi: tathmini ya mzazi

Kila inapofika Oktoba, wazazi wa Moshi huanza kuulizana habari za shule, kwa kuwa fomu za kujiunga zinakuwa zimeshatoka na watoto wanaitwa kwenye usaili wa Januari. Mwaka huu nimeulizwa mara nyingi hata nikaona ni nafuu niandike mara moja. Shule ninayoizungumzia ni ya binafsi, ya kutwa, inafundisha kwa Kiingereza, na ipo nje kidogo ya mji, upande wa mlimani. Binti yangu aliingia hapo darasa la tatu na sasa anamaliza la nne. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu lipo lalamiko moja ambalo mimi na uongozi bado hatujalimaliza, na sipendi liamuliwe mitandaoni. Ada ni shilingi 1,700,000 kwa mwaka, hulipwa kwa awamu nne, na ndani yake umo uji na chakula cha mchana. Basi hulipiwa peke yake.

Kipeperushi walichonipa siku ya kwanza kilikuwa na picha 11, na 9 kati ya hizo zilikuwa za wageni: wageni wakipokea maua, wageni wakicheza ngoma na watoto, wageni wakikata utepe wa tangi la maji. Hapakuwa na picha hata moja ya uji. Baada ya miaka miwili nathubutu kusema kwamba uji ndio uliostahili picha.

Siku ya kawaida huanza mstarini saa 1:30 asubuhi. Kengele ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mgrevilea, na mwanafunzi wa zamu huigonga kwa nondo. Watoto huimba wimbo wa taifa, mwalimu wa zamu hutoa matangazo yasiyozidi dakika tano, na Jumatatu hukaguliwa kucha na sare. Kabla ya hapo wamekwisha kufagia uwanja na kumwagilia miche, kila darasa katika eneo lake. Katika kikao cha wazazi mmoja wetu alilalamika kwamba halipi ada ili mwanawe ashike fagio la chelewa. Mimi nilikuwa upande wa fagio, na bado nipo hapo, kwa maana tangu aanze shule hiyo binti yangu hukusanya vyombo mezani bila kusukumwa.

Katika ufundishaji, kipimo changu ni madaftari. Darasa lina watoto 38, idadi ambayo si ndogo kwa ada hiyo, lakini mwalimu wa hesabu husahihisha kila zoezi, na pale mtoto alipokosea huonyesha hatua aliyoteleza, badala ya kuweka alama ya mkasi na kupita. Mwalimu wa Kiswahili naye huwapa insha kila wiki. Masomo mengine ni ya wastani. Maktaba ipo, ina vitabu vizuri, na mara zote nne nilizoitembelea niliikuta imefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa mwalimu aliyekuwa darasani. Muhula huu, kwa sababu ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, vipindi vya michezo vilikatwa ili kupisha mazoezi ya mitihani. Nilipinga, nikashindwa kwa kura. Watoto walijitafutia dawa wenyewe kwa kucheza rede wakati wa mapumziko, kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwenye mazoezi ya mitihani.

Chakula nimekionja mara mbili bila kutoa taarifa. Saa nne hunywa uji wa mahindi wenye maziwa, na saa saba hula makande, wali na maharage, ugali na mboga za majani, au ndizi, kulingana na siku. Makande niliyokula yalikuwa yameiva sawasawa, jambo ambalo si dogo, kwani makande mabichi humtesa mtoto mchana kutwa, na mwalimu wake pia.

Hapo jikoni ndipo ninapoweza kuanza habari ya wageni, kwa sababu mgeni bora kuliko wote shuleni hapo aliishia jikoni. Alikuwa daktari wa meno kutoka hospitali moja ya hapa mjini. Watoto wengi wa ukanda wetu, hasa wanaotoka upande wa Meru na Arusha, wana meno ya mbele yenye rangi ya kahawia, na darasani kwa binti yangu walikuwa wakitaniwa kwamba hawapigi mswaki. Daktari aliwaeleza kwamba rangi ile si uchafu. Maji yanayopita katika miamba ya volkano hubeba floridi, na mtoto anayekunywa maji yenye floridi nyingi wakati meno yake ya utu uzima yangali yakijijenga ndani ya ufizi, yaani hadi umri wa takriban miaka minane, humtoka meno yenye madoa ambayo hakuna mswaki utakaoyaondoa. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya upande wa Meru hupita kiasi hicho. Alipomaliza alikwenda kwa mpishi, akamwamkia, akamwuliza kama hutia magadi kwenye makande ili yaive upesi. Mpishi alikubali kwamba hutia, kama alivyofundishwa na mama yake. Magadi nayo hubeba floridi. Tangu wiki iliyofuata mahindi na maharage hulowekwa usiku kucha, na magadi hayaingii tena jikoni humo. Utani wa meno nao, kwa kadiri ninavyosikia nyumbani, umekoma.

Wa pili kwa ubora alikuwa babu wa mwanafunzi mmoja wa darasa la tano, mpagazi wa Mlima Kilimanjaro aliyestaafu. Aliwaamuru watoto wamwamkie upya kwa sababu shikamoo ya kwanza haikuwa na nguvu, kisha akatua begi kubwa mbele ya darasa na kuwaambia wakisie uzito wake. Lilikuwa na kilo 20, kiwango cha juu anachoruhusiwa mpagazi kubeba kwenda mlimani. Walijaribu kulinyanyua wawili wawili. Akawapandisha mlima kwa maneno: migomba na kahawa, msitu wenye ukungu, nyanda za vichaka vifupi, jangwa la mawe, halafu barafu na Kilele cha Uhuru chenye mita 5,895, ambako bendera ya Tanganyika ilisimikwa tulipopata uhuru Desemba 1961. Mtoto mmoja alinyoosha mkono na kuuliza, "Babu, huko juu mlikuwa mnajisaidia wapi?" Walimu walitazama chini. Mzee alijibu bila kucheka kwamba zamani ilikuwa nyuma ya mawe, na kwamba siku hizi kampuni nyingi huenda na choo cha kubebwa, na anayekibeba ni mpagazi. Wiki iliyofuata mwalimu wa hesabu aliwapa swali: mizigo ya wageni ina jumla ya kilo 156, wanahitajika wapagazi wangapi? Binti yangu aliandika wapagazi 7 na baki 16, na mwalimu akamwuliza hizo kilo 16 zitapandishwa na nani.

Askari wa usalama barabarani alikuja mara mbili, na ile mara ya pili ndiyo iliyonifurahisha. Mara ya kwanza alichora kivuko cha punda milia kwa chokaa uwanjani na kuwafundisha watoto kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwa kuwa kwetu gari la kwanza kumfikia mvukaji hutoka kulia. Baada ya wiki mbili alisimama nje ya geti saa ya kutoka, bila kuwaarifu, kuona kama wanayafanya waliyofundishwa. Nusu hawakuyafanya, naye akarudia somo palepale. Wauguzi wa chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, nao nawapa alama nzuri: shule ilituma barua siku kumi kabla, na wazazi tulielezwa kwamba tangu 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja tu. Wathibiti ubora walipokuja, ramani mpya ya Tanzania ilibandikwa darasani Jumanne na kutolewa Alhamisi. Sina la kuongeza hapo.

Wageni wanaojaza kipeperushi ni wa aina nyingine. Mji wetu ni mji wa mlima, na watalii wanaposhuka wakiwa na siku moja ya kupumzika kabla ya kwenda mbugani, wapo wanaopelekwa kutembelea shule. Mwaka huu nimehesabu ziara sita. Watoto hutolewa darasani, huimba nyimbo zilezile tatu, hugawiwa kalamu na peremende (wiki chache tu baada ya daktari wa meno kuondoka), hupigwa picha, na wageni huondoka wakiwa na furaha ya kweli ambayo siwalaumu kwayo. Kwa hesabu ya binti yangu, anayetunza ratiba yake vizuri kuliko mimi, ziara hizo zilimeza vipindi 13, na vingi kati ya hivyo ni vya hesabu na Kiswahili, masomo yale yale ninayoyalipia. Tangu tarehe 1 Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na nilitarajia niletewe fomu ya ridhaa kabla uso wa mwanangu haujasafiri katika simu ya mtu nisiyemjua. Fomu hiyo ililetwa baada ya mimi kuiomba mara mbili, na nilijaza "hapana". Mwanangu sasa hupangwa nyuma ya kundi, jambo ambalo silo nililoliomba.

Lalamiko lenyewe lilitokea siku ya ziara ya tano. Wageni walichelewa, basi likaondoka saa kumi na moja badala ya saa tisa na nusu, na matroni wa basi alikuwa amebaki shuleni kuosha vikombe vya chai ya wageni. Siku zote yeye huhesabu vichwa watoto wanapopanda, huhesabu tena kila kituo, na hupita hadi kiti cha mwisho kabla dereva hajazima injini. Siku hiyo hakuna aliyehesabu. Binti yangu alisinzia kiti cha nyuma, akapitishwa kituo chetu, akaja kuamshwa na fundi karakana basi lilikolala. Hakudhurika. Nilimpata saa moja na robo usiku, ameketi kwenye kigoda, amepewa chai.

Mwalimu mkuu alinipigia usiku uleule na kesho yake alikuja nyumbani kuomba radhi, na kwa hilo namheshimu. Ziara ya sita ilipofanyika, matroni alipanda basi kwa wakati. Nilichoomba ni utaratibu ulioandikwa: nani anahesabu asipokuwepo matroni, na nani anasaini. Nimeahidiwa tangu Agosti.

Kwa mwalimu wa hesabu, jiko na kengele ya rimu, shule hii ninampendekezea mzazi yeyote wa Moshi mwenye uwezo wa ada hiyo, mradi aulize mapema idadi ya ziara na aone ufunguo wa maktaba uko kwa nani. Awamu ya kwanza ya mwaka ujao nimeshalipa. Ya basi sijalipa. Asubuhi tunapanda daladala, mimi na binti yangu, tukiusubiri huo utaratibu wa karatasi moja.