Kupima mishipa ya miguu maeneo ya Kabwe, Mbeya: nawapa nyota tatu na nusu

Wanaoulizia wapi pa kupima mishipa ya miguu hapa Mbeya, kuna kliniki ya binafsi maeneo ya Kabwe nilimpeleka mzee wangu. Ana sukari miaka mingi na sigara kaacha juzi juzi tu, akipandisha kilima kigimbi kinakaza mpaka anasimama, akipumzika maumivu yanakata, akianza kutembea na yenyewe yanaanza, sisi home tukasema ni uzee na hii baridi yetu.

Huduma ni nzuri. Wanamlaza dakika 10 hivi atulie kwanza, hapo niliwapenda maana kwingine unafika unahema na unafungwa mkanda hapo hapo. Wanapima presha mikono yote na vifundo vya miguu, wanapaka jeli na kusikiliza mshipa kwa kimashine cha dopla, unausikia kabisa fwush fwush. Presha ya juu ya mguuni inagawanywa kwa ya mkononi, kawaida ni 1.00 mpaka 1.40, ikiwa 0.90 kushuka chini mshipa umebana.

Sasa mzee ikaja juu ya 1.40, dada wa vipimo akasema hongera baba miguu iko fiti, tukaanza kuvaa viatu! Dokta kuona karatasi akaturudisha. Kumbe mtu wa sukari kuta za mishipa zinaingia chokaa zinakakamaa, mkanda unabana wee mshipa haubonyei, mashine inasoma presha kubwa ya uongo huku damu inayofika chini ni kidogo. Mshipa mzima moyo ukipiga unatanuka, halafu ukirudi unaisukuma damu mbele, huu wa mzee umekuwa kama mpira wa kumwagilia ulioachwa juani, kishindo chote cha moyo kinaishia kwenye vimishipa vya mbele. Na pale mishipa inapogawanyika damu haiendi moja kwa moja, inazungukazunguka taratibu pembeni, utando wa ndani unaharibika na mafuta yanajijenga hapo. Ukiwa umekaa damu inatosha, ukipanda kilima msuli unadai zaidi, haipo, ndo maumivu. Huyu dokta anaeleza bila haraka, nyota zote ni zake.

Nilizokata: mtu wa hivi anatakiwa apimwe presha ya kidole gumba cha mguu, maana vimishipa vya kule mara nyingi havikakamai sana, ila mkanda wake hawana, tukaenda ultrasaundi sehemu nyingine kwa hela nyingine. Halafu kliniki ya miguu ghorofa ya pili bila lifti, jamani?? Kama mgonjwa wenu ana sukari au figo, ulizeni kuhusu kidole kabla hamjalipa.

Ultrasaundi ikakuta mshipa wa paja umebana. Kapewa aspirini na dawa ya kolestro na kaambiwa atembee mpaka iume, apumzike, aendelee tena, mara 3 kwa wiki. Mzee bado analalamika kalipishwa hela yote ile aje aambiwe akatembee.