Kipimo cha uongo: vifaa ni vizuri, hukumu yake ina shaka

Huduma ya kupima uongo kwa poligrafu huuzwa kwa ahadi nzito, kwamba mtu akishaunganishwa na mashine ukweli utajitokeza wenyewe, na kwa kuwa matokeo yake yanaweza kuvunja ndoa au kumnyima mtu kazi, inastahili kukaguliwa kwa makini.

Kuhusu vifaa sina lawama. Mirija miwili huzungushwa kifuani na tumboni kufuatilia pumzi, mkanda wa kupimia shinikizo la damu hufungwa mkononi, na vihisi vya vidoleni hupima jinsi jasho linavyobadilisha upitaji wa umeme kwenye ngozi. Lakini hakuna badiliko la mwili lililo la uongo peke yake: hofu, hasira, aibu, hata uchungu wa kushukiwa bure, vyote huweza kuchora mistari ileile.

Mtahini hujaribu kuliziba pengo hilo kwa maswali. Swali la msingi, kama vile "Je, uliiba fedha hizo?", huchanganywa na maswali ya kulinganishia, kama vile "Je, umewahi kumdanganya mtu aliyekuamini?", kwa dhana kwamba asiye na hatia atatikiswa zaidi na haya ya pili, na mwenye hatia atatikiswa na lile la kwanza. Hapa ndipo ninapoipunguzia huduma hii alama nyingi, kwa sababu mtu safi anayejua kwamba riziki yake inategemea swali moja ana kila sababu ya kulihofia, ilhali mkosaji aliyefundishwa anaweza kuuma ulimi au kupiga hesabu ngumu kichwani wakati wa maswali ya kulinganishia na kuvuruga ulinganisho wote. Aldrich Ames, ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliyewauzia Wasovieti siri, alifaulu kipimo hiki mwaka 1986 na tena 1991, kabla ya kukamatwa 1994.

Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika ripoti yake ya 2003, lilikubali kwamba katika uchunguzi wa tukio mahususi kipimo hiki hushinda kubahatisha, ingawa kiko mbali na ukamilifu. Kuchuja wafanyakazi ni jambo jingine kabisa. Kwa mfano wa baraza hilo, kati ya watu 10,000 wenye majasusi 10 ndani yao, kipimo kilichotegwa kuwanasa 8 kitawatia shakani karibu watu 1,600 wasio na kosa. Sheria ya Marekani ya 1988 huwakataza waajiri wengi binafsi kukitumia, na naiona ni sheria ya haki.

Ipo njia ninayoiheshimu zaidi, inayotumiwa na polisi wa Japani, ambapo mhojiwa hutajiwa mambo kadhaa huku moja tu likiwa la kweli, ambalo mhusika pekee angelitambua. Njia hiyo hutafuta kumbukumbu badala ya woga, lakini hufaa tu pale ambapo habari za tukio hazijavuja. Anayetaka kulipia kipimo cha kawaida ili amhukumu mwenza au mfanyakazi wake, simshauri hata kidogo.