Vivado au Yosys: uanze na ipi kwenye FPGA?
Kama ndo unaanza FPGA, zile chipu ambazo saketi zake unazipanga upya kwa kuandika msimbo, swali la kwanza ni uweke programu gani kwenye kompyuta. Vivado ni ya AMD, zamani Xilinx, toleo la bure lipo ila jamani ni nzito, inakula makumi ya GB, kwa bando zetu hizi ujipange kweli. Yosys na mwenzake nextpnr ni bure kabisa na msimbo wake uko wazi, na kwa bodi ndogo yenye chipu ya FPGA ya iCE40 kazi nzima ni amri nne tu: yosys (inageuza msimbo kuwa saketi), nextpnr-ice40 (inaipanga saketi ndani ya chipu), icepack (inaifungasha kuwa faili), iceprog (inaipakia kwenye bodi), sekunde chache LED inaanza kuwakawaka, na kila hatua unaona nini kimegeuka kuwa nini, hapo ndo mambo yanaingia kichwani. Yosys yenyewe inasoma Verilog, lugha ya kuandikia saketi, ukitaka VHDL, lugha nyingine ya kazi hiyohiyo, uongezee programu ya GHDL. Ila ukiwa na bodi ya Zynq (chipu ya AMD yenye FPGA na prosesa pamoja), au unataka kuchungulia ishara za umeme ndani ya chipu ikiwa inafanya kazi, hapo Vivado iko mbele sana. Mi mdogo wangu ningemwanzishia Yosys, Vivado ataikuta mbele kazi ikimlazimu.