Nilivyomaliza sharti la lugha ya kigeni kwa Kiswahili: uzoefu wangu na mtihani wa OPI

Vyuo vingi vya Marekani havikupi digrii, hasa za upande wa sanaa, mpaka uthibitishe kwamba unajua lugha nyingine zaidi ya Kiingereza. Wengi hulimaliza sharti hilo kwa kukaa darasani mihula miwili hadi minne. Ratiba yangu ilikuwa imejaa, na sikuona kwa nini nilipie Kihispania cha salamu na rangi ilhali nimezungumza Kiswahili tangu utotoni.

Kwanza nilipeleka cheti changu cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Ofisi ya msajili ikakikataa: sekondari uliyosoma ilifundisha kwa Kiingereza, Kiswahili kilikuwa somo tu. Nikawaeleza kuwa somo hilo lina karatasi tatu, Insha, Lugha na Fasihi, na kwamba ni la lazima. Wapi! Mitihani ya CLEP ya College Board, ya kupata alama za chuo bila kukaa darasani, ambayo wanafunzi wengi hukimbilia, upande wa lugha ina Kihispania, Kifaransa na Kijerumani peke yake. Ndipo mshauri wangu wa masomo akanielekeza kwa OPI, usaili wa mdomo wa ACTFL, shirika la walimu wa lugha la Marekani, ambao Kiswahili kimo.

Ni mazungumzo ya simu, dakika 15 hadi 30, na yote yanarekodiwa. Hakuna sarufi ya kujaza mapengo. Mtahini anakusalimu, anakuuliza shughuli zako, kisha jibu lako mwenyewe ndilo linalozaa swali linalofuata. Mimi nilitaja kwamba mjomba wangu ana matatu. Akataka nimsimulie siku moja barabarani iliyokwenda mrama, mwanzo hadi mwisho. Hiyo nikaimudu. Halafu: serikali ikiyapiga marufuku matatu katikati ya jiji, nani atafaidika, nani ataumia, na wanaounga mkono utawajibu nini? Jasho likanitoka. Kusimulia ni jambo moja. Kutetea hoja kwa Kiswahili kinyoofu, bila Sheng na bila kudandia Kiingereza neno likikwama, ni kazi nyingine kabisa. Baadaye tukaigiza, yeye karani wa kampuni ya basi, mimi abiria aliyepotelewa na mzigo. Hapo nilifurahi, nikagomba kama niko stendi kweli.

Nilipata Advanced High, hatua moja chini ya Superior. Kilichonisaidia ni kusoma tahariri za Taifa Leo kwa sauti, kisha kubishana nazo peke yangu chumbani. (Mwenzangu wa chumba alidhani nina kesi mahakamani.) Kukariri misamiati hakutakufaa sana, maana hujui mazungumzo yataelekea wapi.

Kabla ya kulipa, iulize ofisi yenu maswali mawili: wanatambua OPI ya Kiswahili? Na je, watakupa alama za masomo (credits) au watakusamehe sharti tu? Mimi nilisamehewa tu, hivyo ikabidi nijaze nafasi hiyo kwa masomo mengine ndipo nifikishe idadi ya kuhitimu. Hata hivyo niliyachagua mwenyewe, na ada ya mtihani haikukaribia karo ya muhula mmoja. Chuo chetu kilihitaji Intermediate Mid, ngazi kadhaa chini ya niliyoipata, kwa hiyo hata anayekitumia Kiswahili kwa kupiga soga na shangazi kwenye simu asiogope kujaribu.