Gemu za kutembea polepole na kufumbua mafumbo: ununue ipi kwanza?

Wanunuzi wengi wa gemu hizi huanza kwa kuuliza ipi ni ndefu na ipi ina ramani kubwa. Kipimo hicho hakifai hapa. Unachokusanya ndani yake ni maarifa, na ukishajua siri huwezi kuisahau ili ucheze upya. Ukifungua video ya majibu, umetupa kile ulicholipia. Kwa hiyo tumezipanga kwa swali moja: mchezaji akikwama, gemu inampa njia nyingine ya kuendelea?

1. Outer Wilds (2019). Kwetu hakuna inayoikaribia. Unarusha chombo katika mfumo mdogo wa sayari, na baada ya dakika 22 muda unarudi mwanzo. Vifaa unavyopewa saa ya kwanza ndivyo utakavyomalizia navyo. Kinachobadilika ni wewe kujua mlango uko wapi na unapitika lini. Ukikwama sayari moja, nenda nyingine. Kumbukumbu za chombo huchora kila ulichogundua pamoja na nyuzi zinazokiunganisha na vingine, na mahali ambapo bado kuna jambo huwekwa alama. Zisome kila unaporudi chomboni, hasa ukiwa umekaa siku kadhaa bila kucheza.

Wengi huiacha mapema kwa sababu ya urushaji. Wanakandamiza injini mwanzo hadi mwisho, kisha wanaigonga sayari. Angani hakuna hewa ya kukupunguzia mwendo, hivyo ukifika nusu ya safari anza kusukuma kinyume, halafu ukikaribia bonyeza kitufe cha kulinganisha kasi na sayari. Rubani otomatiki naye haangalii kilichopo katikati: jua likiwa kati yako na uendako, atakuingiza ndani yake. Sogeza chombo pembeni kwanza, ndipo umwashe.

2. Return of the Obra Dinn (2018). Meli imerudi bila mtu hai, nawe unatafuta majina na hatima za watu 60. Majibu hayathibitishwi moja moja. Lazima matatu yawe sahihi ndipo yafungwe, kwa hiyo kubahatisha kunalipa kidogo sana. Sura ya mtu ikiwa na ukungu, bado hujapata taarifa za kumtambua, usijichoshe naye. Ikiwa wazi, pembetatu ndogo zinaonyesha ugumu wake: anza na wenye moja. Vaa hedifoni, maana lafudhi ni ushahidi.

3. The Witness (2016). Kisiwa kisicho na maelezo yoyote, na mafumbo zaidi ya 500 ya kuchora mstari kwenye vibao (paneli). Ukikuta alama usiyoielewa, ondoka. Somo lake liko kwingine kisiwani, kwa kawaida kwenye safu ya paneli nyepesi. Tumeishusha kwa sababu baadhi ya mafumbo yanategemea rangi na mengine sauti. Asiyetofautisha rangi au asiyesikia vizuri atakwama bila kosa lake.

4. Riven. Toleo la 2024 linakuacha utembee huru, na baadhi ya mafumbo yake si yale ya 1997. Linahitaji kadi ya michoro yenye nguvu. Mwenye kompyuta dhaifu achukue la zamani, ambalo ni la picha zilizotulia. Andaa daftari na uchore alama zenyewe. Ukiandika tu "duara lenye mstari", baadaye utakuta maduara mengine yenye mstari usijue lipi ni lipi.

5. The Room (2012). Ya simu na tableti: masanduku unayoyazungusha kwa kidole, na vidokezo vinavyokuja kidogo kidogo. Ni fupi, lakini hailetei watu kizunguzungu.

Hilo la kizunguzungu lipime mapema. Katika gemu za kutazama kwa macho ya mhusika, macho yanaona mwendo ambao mwili hauuhisi, na tumbo linachafuka. Panua upana wa mtazamo kwenye mipangilio, zima mtikisiko wa kichwa kama upo, washa taa ya chumba na usogee mbali na skrini. Ukinunua kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unaweza kuomba pesa zako ndani ya siku 14 iwapo umecheza chini ya saa 2. Tumia saa ya kwanza kutembea, kugeuka haraka na kuruka. Na ukienda kula, funga gemu kabisa, kwa sababu dakika inazobaki wazi zinahesabiwa pia.