Nyota tatu kwa programu ya kupanga vibadilisha joto

Programu hii ya kupanga vibadilisha joto (vifaa vya kiwandani vinavyohamisha joto toka mkondo mmoja kwenda mwingine) tunaitumia kazini kwa leseni ya mwaka, na nimeibana vya kutosha. Ingekuwa viwanda vinakaa katika hali moja mwaka mzima, ningeipa nyota tano.

Kazi ya msingi inaijua. Unaingiza mikondo ya moto na ya baridi, unachagua tofauti ndogo kabisa ya joto kati ya mkondo moto na baridi (mimi huanza na nyuzi 10 au 20), inakuchorea mistari miwili na kukuonyesha pinchi (pale mistari hiyo inapokaribiana zaidi) iko wapi na ni kiasi gani cha mvuke na maji ya kupoozea huna namna ya kukikwepa. Ukijaribu kupitisha joto toka juu ya pinchi kwenda chini, kiungo kinageuka chekundu papo hapo. Safi sana.

Kasheshe iko kwenye moduli ya unyumbufu (uwezo wa mtandao wa vibadilisha joto kuhimili mabadiliko), ambayo, kwa taarifa yako, inalipiwa kando. Unaiambia mtiririko wa mkondo fulani utacheza kati ya 70% na 120%, nayo inakupa kipimo cha watafiti Swaney na Grossmann cha mwaka 1985: kikifika 1, mtandao unahimili mabadiliko yote uliyotaja. Ikanipa 1. Nikaingiza thamani za katikati kwa mkono, na mtandao uleule ukashindwa kufikisha mkondo baridi kwenye joto lake. Kumbe inakagua ncha tu, yaani 70% na 120%! Yakibadilika majoto ya kuingilia peke yake, ncha mara nyingi zinatosha. Mtiririko ukibadilika, pinchi nayo inaweza kuhama, na hali mbaya kuliko zote ikawa katikati kabisa. Mwongozo uko kimya kuhusu hilo. Huduma kwa wateja wakanijibu: ongeza eneo la uso wa kibadilisha joto.

Jibu la muuzaji hilo, si la mhandisi. Eneo ni pesa, na likizidi, siku za kawaida mkondo unatoka ukiwa na joto kupita kiasi, unabaki kuhangaika na mchepuko (njia ya pembeni inayokwepa kibadilisha joto). Kwenye mchepuko, nikiri, wamefanya vizuri: kila kibadilisha joto kinaonyesha ni asilimia ngapi ya mtiririko inapita pembeni, na inakuonya vali ikiwa imefungwa kabisa katika hali ya kawaida, maana hapo haina tena nafasi ya kupunguza mchepuko ukoko ukianza kujaa kwenye mirija.

Kasoro nyingine ndogo ila inakera: tofauti ya joto ikilingana pande zote mbili za kibadilisha joto, tuseme 20 na 20, sanduku la eneo linabaki tupu, kwa sababu kanuni ya wastani wa logi wa tofauti hizo mbili, inayotumika kupata eneo, inatoa sifuri juu ya sifuri. Andika 20.1 upande mmoja, litajaa. Wameuza matoleo mangapi bila kurekebisha jambo hili?

Nunueni ya msingi. Moduli ya unyumbufu iacheni mpaka ikague na katikati.